Kutoka Thuluthi hadi Nukta: Ubadilishaji wa Akisami kuwa Desimali kwa Kiswahili

Utangulizi

Kifungu cha 81(b) cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaagiza kwamba wanachama wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika taasisi yoyote ya umma ambayo wanachama wake huchaguliwa. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Je, thuluthi mbili ya 349 ni wangapi? Anayeshika kikokotoo na kuzidisha 349 kwa 0.67 hupata 233.83, akikiacha kile kipande cha mtu, husema 233. Anayezidisha kwa 0.66 hupata 230.34, naye husema 230. Yule anayeiacha akisami ilivyo, akazidisha 349 kwa 2 na kugawanya kwa 3, hupata 232 na thuluthi mbili, na kwa sababu kikomo hakistahili kuzidiwa, jibu lake ni 232. Ni huyu wa mwisho tu aliye sahihi. Wabunge 233 wa jinsia moja wangewaachia wenzao viti 116, na 116 ni chini ya thuluthi moja ya 349.

Makala haya yananuia kueleza jinsi akisami inavyobadilishwa kuwa desimali, na kuonyesha kwamba somo hili linaweza kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena kwa manufaa ambayo hatuyapati tunapolifundisha kwa Kiingereza. Nchini Kenya, mwanafunzi hukutana na akisami mara mbili. Katika kipindi cha Kiswahili hukariri nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri, jinsi anavyokariri majina ya wana wa wanyama, kwa ajili ya mtihani. Katika kipindi cha Hisabati hufanya hesabu kwa Kiingereza. Vipindi hivi viwili havijuani. Kwa hiyo tumekuwa na istilahi zisizofanya kazi yoyote, kisha tukalalamika kuwa lugha haina uwezo.

Muundo wa akisami katika Kiswahili

Kila akisami ina namba mbili. Vitabu vya Hisabati vya Tanzania, ambako somo hili limefundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi kwa miongo mingi, huiita namba ya juu kiasi na ya chini asili. Katika 3/8, kiasi ni 3 na asili ni 8. Istilahi hizi zinafaa na hatuoni sababu ya kuzibunia nyingine.

Hebu tutazame sasa jinsi tunavyoitaja 3/8. Tunasema thumuni tatu. Asili imetangulia, kiasi kimefuata. Huu ni mpangilio uleule wa nomino na kivumishi cha idadi tunaouona katika machungwa matatu au nyumba tatu. Thumuni ni nomino, ni kitu kinachohesabika, na tatu ni idadi yake. Kwa mtazamo huu, mwanafunzi hahitaji kuelezwa kwa nini thumuni tatu ukijumlisha na thumuni mbili ni thumuni tano, wala hatajaribiwa kujumlisha asili na kupata 5/16, kosa ambalo kila mwalimu wa Hisabati analifahamu. Machungwa matatu na machungwa mawili hayajawahi kuwa machungwa matano ya aina nyingine. Kadhalika, ataona mwenyewe kwamba thumuni na sudusi haziwezi kujumlishwa moja kwa moja, kwani ni vitu viwili tofauti. Sharti kwanza zipewe jina moja.

Kugeuza akisami kuwa desimali ni hatua hiyohiyo ya kutoa jina moja, ila jina limekwisha kuchaguliwa. Desimali hukubali ushuri, ushuri ya ushuri (yaani sehemu ya mia), ushuri ya hiyo tena (sehemu ya elfu), na kuendelea. Hakuna thumuni wala subui katika ulimwengu wa nukta. Swali letu huwa daima hili: kitu hiki kina ushuri ngapi, sehemu za mia ngapi, na sehemu za elfu ngapi?

Njia ya kugawanya

Tuchukue thumuni tatu. Chukulia kuwa kuna mikate mitatu inayogawiwa watu wanane. Mikate mizima haiwatoshi, kwa hiyo kila mtu anapata mkate mzima 0. Tunaandika 0 na nukta. Sasa tunaikata kila mikate kuwa ushuri kumi. Mikate mitatu inatupa ushuri 30. Tukizigawa kwa 8, kila mtu anapata 3, nazo zinabaki 6. Tunaandika 3 baada ya nukta. Ushuri 6 zilizobaki tunazikata tena kwa kumi, zikawa sehemu za mia 60. Kila mtu anapata 7, zinabaki 4. Sehemu hizo 4 tukizikata zinakuwa sehemu za elfu 40. Kila mtu anapata 5 na hakibaki kitu. Jibu ni 0.375.

Mbinu ya kuongeza sifuri mbele ya baki, ambayo wengi wetu tulifunzwa kama mazingaombwe, si kingine ila kukata vipande kwa kumi. Anayeielewa hivyo hataisahau, na hatauliza sifuri hiyo imetoka wapi.

Tufanye vivyo hivyo kwa subui tatu, yaani 3/7. Ushuri 30 kwa 7 ni 4, baki 2. Kisha 20 kwa 7 ni 2, baki 6. Kisha 60 kwa 7 ni 8, baki 4. Kisha 40 kwa 7 ni 5, baki 5. Kisha 50 kwa 7 ni 7, baki 1. Kisha 10 kwa 7 ni 1, baki 3. Baki 3! Hapo ndipo tulipoanzia. Kuanzia sasa tarakimu zitajirudia kwa mpangilio uleule: 0.428571428571... bila kikomo. Wala si ajabu. Unapogawanya kwa 7, baki haiwezi kuwa nyingine ila 1, 2, 3, 4, 5 au 6 (ikiwa 0, kazi imekwisha). Baada ya hatua sita, kwa vyovyote vile baki fulani itakuwa imeonekana tayari, nayo ikirudi, kila kilichoifuata kitarudi pia. Kwa hivyo akisami yoyote ile, iwe na asili kubwa kiasi gani, ama itakoma ama itajirudia. Njia ya tatu haipo.

Zipi hukoma na zipi hujirudia?

Tunaweza kulijua jibu kabla ya kugawanya. Mfumo wa desimali umejengwa juu ya kumi, na kumi ni 2 × 5. Akisami ikishafupishwa kikamilifu, itazame asili yake. Ikiwa asili hiyo imeundwa kwa namba tasa 2 na 5 pekee, inaweza kuzidishwa hadi ifike 10, 100, 1000 na kadhalika, na desimali itakoma. Ikiwa ndani yake mna namba tasa nyingine yoyote, hakuna kuzidisha kutakakoifikisha huko, na desimali itajirudia. Thumuni ina asili 8, ambayo ni 2 × 2 × 2. Tukizidisha juu na chini kwa 5 × 5 × 5 tunapata 125/1000, yaani 0.125. Thuluthi haina njia hiyo, kwani hakuna namba nzima inayozidishwa kwa 3 ikatoa kumi, mia, elfu wala milioni.

Hivyo basi, ile orodha ya majina tuliyokariri hujigawa yenyewe katika makundi mawili. Nusu (0.5), robo (0.25), humusi (0.2), thumuni (0.125) na ushuri (0.1) hukoma. Thuluthi (0.333...), sudusi (0.1666...), subui (0.142857...) na tusui (0.111...) hazikomi. Sharti la kufupisha kwanza lisipuuzwe: 6/15 inaonekana kuwa na 3 katika asili yake, lakini ikifupishwa ni 2/5, humusi mbili, nayo ni 0.4 bila baki.

Pesa, hela na sumuni

Wanafunzi wa isimu watafurahi kujua kuwa Afrika Mashariki nzima iliwahi kufanya zoezi hili la kubadilisha akisami kuwa desimali, na kwamba zoezi hilo limeacha alama katika msamiati wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 rupia moja ilikuwa na pesa 64. Katika eneo lililotawaliwa na Wajerumani, mfumo huo uliachwa mwaka 1904, na rupia ikagawanywa kuwa heller 100; ndiko lilikotoka neno hela. Upande wa Waingereza rupia nayo iligawanywa kuwa senti 100 kwa sheria ya mwaka 1905.

Leo tunazifundisha pesa na hela kama visawe. Katika mwaka huo wa 1904 hazikuwa visawe hata kidogo. Hela moja ilikuwa 1/100 ya rupia, yaani 0.01. Pesa moja ilikuwa 1/64, na kwa kuwa 64 ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara sita, desimali yake inakoma katika nafasi ya sita: 0.015625. Mwenye pesa 16 alikuwa na robo rupia, akapata 25 kamili katika mfumo mpya. Mwenye pesa 8 alikuwa na thumuni ya rupia, naye alistahili 12.5. Mwenye pesa moja alistahili 1.5625. Mtu anaweza kukisia mwenyewe, katika biashara ya rejareja, vipande hivyo viliishia upande gani wa meza.

Neno sumuni, ambalo wengi wetu tulilijua kama jina la sarafu ya senti hamsini, lina kisa chake. Sumuni ni thumuni. Lakini senti hamsini ni nusu ya shilingi, 0.5, ilhali thumuni ni 0.125. Je, wazee walikosea hesabu? La. Walikuwa wakihesabu thumuni ya kitu kingine, yaani riale, ambayo ilikadiriwa kuwa takriban rupia mbili. Thumuni ya rupia mbili ni robo rupia. Mwaka 1920 rupia ilibadilishwa kwa florini moja, na muda mfupi baadaye florini ikawa shilingi mbili; robo ya shilingi mbili ni nusu shilingi, yaani senti 50. Riale ilitoweka, rupia ikatoweka, florini ikatoweka, jina likabaki. Akisami daima ni akisami ya kitu fulani, na kitu hicho kikibadilika, desimali hubadilika hata kama neno ni lilelile. (Ushuru nao una uhusiano na ushuri, sehemu ya kumi. Serikali inayotutoza Ushuru wa Ziada ya Thamani kwa 16/100 haionekani kusumbuliwa na etimolojia.)

Mirathi na hatari ya kukadiria

Uwanja ambamo majina haya ya akisami yangali hai katika Kiswahili, na ambamo kosa dogo huleta dhuluma, ni mirathi ya Kiislamu. Sura ya An-Nisaa imetaja mafungu sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Msomaji ataona mara moja kuwa matatu ya kwanza yana desimali zinazokoma na matatu ya mwisho yana desimali zinazojirudia. Kila zinapokutana katika mgao mmoja, kikokotoo huwa mshauri wa kutiliwa shaka.

Tuseme mwanamume ameaga dunia, madeni na wasia vimekwisha kuondolewa, na mali iliyobaki ni shilingi 2,400,000. Ameacha mke, mama, baba na mwana mmoja wa kiume. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, baba ana sudusi, na mwana hurithi kinachobaki. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24. Mke ana 3/24, mama 4/24, baba 4/24. Jumla ni 11/24, na mwana anabakiwa na 13/24. Kwa shilingi: mke 300,000, mama 400,000, baba 400,000, mwana 1,300,000. Jumla ni 2,400,000.

Sasa mwandishi mwenye haraka ageuze kila fungu kuwa desimali ya nafasi mbili: 0.13, 0.17, 0.17 na 0.54. Jumla ni 1.01. Mali imezaa. Ametoa ahadi ya shilingi 2,424,000 ilhali sandukuni mna 2,400,000. Akitambua kasoro hiyo na kuirekebisha kwa kumpa mwana kilichobaki baada ya wengine kulipwa, mke atapata 312,000, wazazi 408,000 kila mmoja, na mwana 1,272,000. Yatima amepoteza shilingi 28,000, na hakuna aliyemwibia.

Katika mfano huo jumla ya 1.01 angalau ilipiga kelele. Yapo makosa yasiyopiga kelele. Mwanamke ameaga dunia akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Nusu ni 3/6 na thuluthi mbili ni 4/6. Jumla ni 7/6, zaidi ya mali yenyewe. Katika elimu ya mirathi hali hii huitwa auli, na suluhisho lake ni kuipandisha asili kutoka 6 hadi 7 ili kila mmoja apunguziwe kwa uwiano: mume 3/7, dada 4/7. Ikiwa mali ni shilingi 2,100,000, mume anapata 900,000 na dada 1,200,000. Kwa desimali za nafasi mbili tungeandika 0.43 na 0.57. Jumla ni 1.00 kamili! Mkaguzi angeridhika. Lakini mume amepewa 903,000 na dada 1,197,000, na shilingi 3,000 zimehama kimyakimya kutoka kwa dada kwenda kwa mume. Jumla sahihi haithibitishi mafungu sahihi. Ndiyo maana tunashikilia kwamba akisami ibaki akisami hadi hatua ya mwisho kabisa ya hesabu, na kama ni lazima kuikata, ikatwe mara moja tu, baada ya kuzidishwa kwa mali yote.

Kuisoma desimali kwa sauti

Liko suala moja la matamshi ambalo walimu wa Kiswahili wanaweza kulitatua bila kungoja mtu. Mara nyingi 0.125 husomwa sifuri nukta mia moja ishirini na tano. Usomaji huu ni kosa, nalo lina madhara, kwa maana mwanafunzi akisikia mia moja ishirini na tano upande mmoja na tano upande wa pili, ataamini kuwa 0.125 ni kubwa kuliko 0.5. Tarakimu zilizo baada ya nukta zisomwe mojamoja: sifuri nukta moja mbili tano. Chanzo cha kosa hili nadhani ni fedha. Shilingi 12.50 tunaisoma shilingi kumi na mbili na senti hamsini, na ni sawa, kwa kuwa senti ni kipimo chenye jina lake na tunahesabu senti hizo. Nukta katika saa ni tatizo jingine: 2.30 kwenye ratiba ni saa mbili u nusu, na kwa desimali hiyo ni 2.5. Anayesema saa tatu kasorobo amekwisha kufanya hesabu ya 3 - 0.25 ndani ya neno moja, nayo ni 2.75, si 2.45.

Vivyo hivyo, usomaji wa 2/3 kama mbili kwa tatu unafaa kuepukwa darasani, kwani kwa hutumika pia katika kuzidisha, kugawanya na uwiano. Msikilizaji hawezi kujua kama anatajiwa 2 × 3, 2 ÷ 3 au 2:3. Thuluthi mbili haina utata wowote. Kwa asili zinazopita kumi, ambazo hazina majina, tuseme sehemu tatu za kumi na moja, tukidumisha mpangilio wa nomino na idadi.

Zoezi

1. Bila kugawanya, eleza ni zipi kati ya 7/40, 9/12 na 5/18 zitakazotoa desimali inayokoma. Taja nafasi za desimali kwa kila inayokoma.

2. Zaka ya fedha hutajwa na wanafiqhi kuwa robo ya ushuri. Onyesha kuwa hii ni 0.025.

3. Mtu alikuwa na pesa 24 katika mwaka wa 1904. Ni thumuni ngapi za rupia, na alistahili hela ngapi?

4. Seneti ya Kenya ina maseneta 67 bila Spika. Tafuta kikomo cha thuluthi mbili kwa kutumia 2/3, kisha 0.66, kisha 0.67. Majibu yote matatu yanakuwa 44. Eleza kwa nini kosa lililoonekana kwa wabunge 349 halionekani hapa, kisha utafute namba ndogo kabisa ya wanachama ambayo 0.66 ingetoa kikomo kisicho sahihi.